Misa Iliyoimbwa kwa Siri, na Kwaya Zetu za Kilosa na Mikumi

Kwaya za parokia na vigango kati ya Kilosa na Mikumi hujifunza wimbo mpya kwa utaratibu mmoja. Mwalimu wa kwaya haanzi na wote. Huwaita sauti ya kwanza peke yao, akawaimbisha kwa solfa mstari baada ya mstari mpaka kila nota ikae mahali pake. Kisha huwaita sauti ya pili, halafu ya tatu, halafu besi. Wasioitwa hukaa kwenye mabenchi wakisubiri zamu. Ukipita nje ya kanisa jioni, watu wakiwa wametoka shambani na sokoni, utasikia kipande kimoja kikirudiwa na kurudiwa, na kipande hicho kikiwa peke yake hakina maana kubwa. Besi wanaweza kushikilia nota moja kwa muda mrefu hadi mpita njia adhani wamesahau wimbo. Baadaye mwalimu huinua mikono, sauti zote nne huingia, na vile vipande vinakuwa wimbo. Nimeimba besi kwa muda mrefu, na dakika ile bado hunisisimua kama siku ya kwanza.

Ufundi wa kujenga wimbo mmoja kwa sauti ambazo kila moja ina njia yake una historia ndefu. Sehemu kubwa ya kanuni zake zilikomazwa Ulaya katika karne ya 15 na ya 16, na watungaji kama Josquin des Prez, Giovanni Pierluigi da Palestrina na Tomás Luis de Victoria waliufikisha mahali ambapo wengi waliokuja baada yao wameishia kuwaiga. Wengi wa mafundi hao waliandika chini ya ulinzi wa mapapa, wafalme na makanisa makuu yenye mali. Mmoja aliandika katika nchi ambako kuimba Misa kulikuwa kosa la jinai. Ndiye ninayetaka kumsifu hapa, kwa sababu kazi yake inatuonyesha jinsi fundi anavyoweza kumjibu mwenye nguvu bila kutukana, bila kushika silaha, na bila kunyamaza.

William Byrd alizaliwa Uingereza karibu mwaka 1540, akafariki tarehe 4 Julai 1623. Mwaka 1559, chini ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge lilipitisha sheria iliyofanya ibada ya Kanisa la Uingereza kuwa ibada pekee halali. Aliyekosa kwenda kanisani Jumapili alitozwa faini. Mwaka 1581 faini hiyo ilipandishwa hadi pauni 20 kwa mwezi, fedha ambazo kibarua wa shambani asingezipata kwa mwaka mzima, na kuhudhuria Misa kukawa kosa la kifungo cha mwaka mmoja. Mwaka 1585 ikatangazwa kwamba padre aliyepewa daraja ng'ambo akikutwa nchini ni mhaini, na atakayemficha anastahili kifo. Padre Edmund Campion alikuwa ameshanyongwa na mwili wake kukatwa vipande mjini London tarehe 1 Desemba 1581. Shairi la kumwomboleza likasambaa, na mtu aliyelichapisha akahukumiwa kukatwa masikio. Byrd alilichukua shairi hilohilo akalitungia muziki.

Byrd hakuwa mtu asiyejulikana. Tangu mwaka 1572 alikuwa katika kanisa la kifalme, miongoni mwa wanamuziki bora wa nchi. Mwaka 1575 Malkia alimpa yeye na mzee wake katika fani, Thomas Tallis, haki ya pekee ya kuchapisha nota za muziki. Wakati huohuo mke wake, Julian, aliandikwa tena na tena katika orodha za mahakama kama mtu aliyekataa kuhudhuria kanisa la dola, na baadaye jina la Byrd mwenyewe likaingia humo. Kwa hiyo mtu yuleyule aliyeutungia muziki utawala ndiye aliyewatungia wale waliokuwa wakiwindwa na utawala huo. Angeweza kuchagua upande mmoja na kulala usingizi. Hakufanya hivyo, na kila nilichosoma juu yake kinaonyesha kwamba alijua gharama yake.

Kati ya mwaka 1592 na 1595 hivi, Byrd alichapisha Misa tatu: ya sauti nne kwanza, kisha ya sauti tatu, kisha ya sauti tano. Vilikuwa vijitabu vyembamba. Havikuwa na ukurasa wa jina la kitabu, mwaka wala jina la mchapaji. Jina la mtungaji peke yake ndilo lililoachwa juu ya kurasa. Mchapaji alijificha na mtungaji akasimama wazi.

Namna vijitabu hivyo vilivyopangwa ni sehemu ya ufundi wenyewe. Siku hizo waimbaji hawakupewa karatasi yenye sauti zote kama tunavyofanya sasa. Kila sauti ilikuwa na kijitabu chake. Mwimbaji wa sauti ya tatu aliona mstari wake tu, hakuona besi wanafanya nini wala sauti ya kwanza imefika wapi, na mistari ya kugawa mapigo haikuwepo. Ili asipotee ilimbidi asikilize. Mtu aliyekuwa amefumba masikio kwa wenzake hakuweza kuimba muziki huu hata kama alikuwa na sauti ya kinanda. Na kijitabu kimoja kikikamatwa na askari, alichopata mkononi ni robo ya wimbo, mstari usiosimama bila wenzake.

Hatari haikuwa ya kufikirika. Mwaka 1605, mwaka ambao njama ya kulipua Bunge kwa baruti iligunduliwa, Mfaransa mmoja aitwaye Charles de Ligny alikamatwa na kutupwa katika gereza la Newgate mjini London kwa sababu alikutwa na vitabu vya Byrd vilivyoitwa Gradualia. Hakukutwa na bunduki wala barua za kijasusi. Alikutwa na nota za nyimbo za Misa. Serikali inayomfunga mtu kwa ajili ya nota imekiri yenyewe kwamba nota zina nguvu.

Ni nani walioimba muziki huu? Swali hili ni muhimu sana kwetu. Padre Mjesuiti William Weston ameacha maelezo ya nyumba moja ya kijijini mwaka 1586, ambako Wakatoliki walikusanyika kwa siku kadhaa kuwapokea mapadre Henry Garnet na Robert Southwell. Byrd alikuwepo. Kulikuwa na kinanda, ala nyingine, na kwaya ya wanaume na wanawake, watu wa nyumba hiyo wenyewe. Padre Southwell aliuawa mwaka 1595 na Padre Garnet mwaka 1606. Mnamo mwaka 1593 Byrd alihamia kijiji cha Stondon Massey, jimbo la Essex, karibu na nyumba za familia ya Petre iliyomlinda, na inaaminika kwamba nyumba za namna hiyo ndizo zilizoimba Misa zake. Kwa hiyo Misa hizi hazikutungwa kwa ajili ya waimbaji wa mshahara ndani ya kanisa kuu. Zilitungwa kwa ajili ya sebule, kwa watu mmoja au wawili kwa kila sauti, mlango umefungwa. Ziliandikwa kwa ajili ya kundi dogo la watu wasiolipwa, wanaokutana baada ya kazi kwa sababu wanaamini wanachoimba. Yaani kwaya kama zetu.

Sasa tuutazame ufundi wenyewe, taratibu, katika kipande kimoja tu: Mwanakondoo wa Misa ya sauti nne. Maneno yake kila Mkatoliki wa Kilosa anayajua kwa moyo, kwa kuwa tunayaimba kila Misa kabla ya Komunyo. Mara mbili tunaomba huruma, mara ya tatu tunaomba amani.

Byrd anaanza na sauti mbili pekee, za juu. Ya pili inafuata njia ya ya kwanza kwa umbali mdogo, kama kwamba mtu mmoja amethubutu kusema na mwingine amemuunga mkono. Katika ombi la pili sauti zinakuwa tatu. Katika ombi la tatu zinakuwa nne. Kabla hujasikia neno lolote, umbo lenyewe limeshakueleza habari: watu wanaongezeka chumbani. Mtungaji mwingine angeanza na sauti zote ili kuonyesha nguvu. Byrd aliijua nyumba ambamo watu huingia mmoja mmoja.

Kisha linakuja ombi la amani, na hapa ndipo ninapomwona fundi mkubwa. Kanuni ya muziki wa wakati ule ilisema kwamba sauti zinazogongana zinapaswa kuandaliwa na kutulizwa. Hufanyika hivi: sauti moja inaimba nota inayopatana vizuri na wenzake. Wenzake wanahama, yenyewe inabaki palepale, imeishikilia ile nota. Hapo hapo upatanifu unageuka ukakasi, kwa sababu nota iliyokuwa rafiki sasa inakwaruzana na jirani yake. Sikio linauma, linadai suluhu. Ndipo ile sauti inashuka hatua moja, polepole, na ukakasi unaisha.

Watungaji wote wa enzi hiyo walikuwa na chombo hiki, na wengi walikitumia mwishoni mwa mstari kama pambo. Byrd anakitumia kwenye neno lenyewe la amani, tena mfululizo. Sauti moja inapotulia, nyingine imeshaanza kushikilia. Nafuu ya huyu ni maumivu ya yule. Unasubiri pumziko na kila likikaribia linasogezwa mbele, kwa utulivu, bila kelele, bila nota moja ya hasira. Mpaka mwisho kabisa, ndipo sauti nne zinaposhuka na kutua pamoja.

Watu waliokuwa wakiimba maneno hayo hawakuwa na amani. Byrd hakuwadanganya kwa kuwapa mapema. Aliwapa wimbo ambao ndani yake amani inaombwa na watu wanaojua imechelewa, na akaujenga kwa namna ambayo hakuna mwimbaji anayeweza kuifikia peke yake. Ukiiacha nota yako kabla ya wakati kwa sababu inauma, umeharibu wimbo wote. Unapaswa kuishikilia mpaka wenzako wafike. Sijui somo bora zaidi la uvumilivu wa pamoja, na limeandikwa kwa nota tu.

Katika nyimbo zake nyingine za Kilatini Byrd alitumia ufundi wa pili, wa kuchagua maneno. Aliyachukua Maandiko Matakatifu, maneno ambayo hakuna hakimu wa Kikristo angeweza kuyaita uchochezi, akachagua yale yanayozungumzia Yerusalemu iliyoharibiwa, Misri ya utumwa, watu wanaongoja kukombolewa. Katika mkusanyo wake wa mwaka 1589 kuna wimbo wa sauti tano, Ne irascaris Domine, uliotoka katika kitabu cha nabii Isaya. Kwa muda mrefu sauti zinafuatana, moja ikiingia nyuma ya nyingine. Zinapofika mahali panapotajwa Sayuni kuwa jangwa, zinaacha kufukuzana. Zinatamka neno pamoja, taratibu, kwa upole wa kutisha. Halafu jina la Yerusalemu linaanza kupita kutoka sauti hadi sauti, likishuka, likirudiwa mara nyingi kuliko sikio linavyotarajia. Jasusi wa serikali aliyekaa mezani angesikia Biblia. Waliofiwa na mapadre wao walisikia habari zao wenyewe.

Haikuishia Uingereza. Mwaka 1583 Philippe de Monte, mtungaji kutoka nchi za Flandria aliyekuwa mkuu wa muziki wa Kaisari Rudolf wa Pili, alimtumia Byrd wimbo wa sauti nane uliotokana na zaburi ya mateka waliokaa kando ya mito ya Babeli, wakadaiwa na waliowateka wawaimbie. Mwaka uliofuata Byrd alimjibu kwa wimbo wake wa sauti nane kutoka zaburi hiyohiyo, kuanzia pale mateka wanapouliza wataimbaje ugenini. Na ndani ya sauti hizo nane aliweka sauti tatu zinazoimba wimbo mmoja kwa kufuatana, mojawapo ikiuimba kwa kuupindua, panapopanda kwa wenzake kwake panashuka. Hilo ndilo jibu lake. Mateka wanauliza wataimbaje, naye anaonyesha wataimbaje: kwa ufundi wa hali ya juu kuliko walivyodaiwa.

Zaburi hiyo haina ugeni kwetu. Njia kuu ya misafara kutoka Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo ilipita Mpwapwa na nchi ya Usagara. Richard Burton na John Speke walipita bonde la Mkondoa mwaka 1857, na Henry Stanley alihangaika katika matope ya mbuga ya Mkata mwaka 1871. Katika njia hiyo zilibebwa pembe za ndovu, na katika njia hiyo watu walitembezwa wakiwa na minyororo kuelekea pwani. Mwaka 1868 wamisionari wa Roho Mtakatifu walianzisha makazi ya waliokombolewa utumwani huko Bagamoyo, na Stanley alipofika hapo alipigiwa muziki wa tarumbeta na watoto wa misheni. Vita vya Majimaji vilifika Kilosa mwaka 1905. Reli ya Kati ilijengwa kupita hapa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na baada yake mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yalikusanya manamba kutoka mbali, watu waliokuja na lugha zao, ngoma zao na nyimbo zao. Hii ni nchi ambayo imepitiwa na maumivu mengi yanayostahili kuimbwa vizuri.

Afrika Mashariki imeshajibu kwa nyimbo zaidi ya mara moja. Tarehe 31 Januari 1885, vijana watatu Waanglikana wa Buganda waliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, na taarifa za wamisionari wa siku hizo zinasema kwamba walikwenda kifoni wakiimba wimbo wa sifa kwa Kiswahili, lugha waliyojifunzia dini. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo. Mashahidi Wakatoliki 22 wa Uganda walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mjini Roma tarehe 18 Oktoba 1964, na kwa ajili ya tukio hilo Mganda Joseph Kyagambiddwa, aliyezaliwa mwaka 1922, alitunga oratorio nzima ya mashahidi hao kwa Kiganda. Miaka mingi kabla yake alikuwa ameshachapisha kitabu juu ya muziki wa chimbuko la Naili, akichambua kanuni za muziki wa kwao kwa uzito uleule ambao Wazungu walizichambua zao. Kyagambiddwa hakuazima huzuni, na hakuazima tuni. Alichukua mwendo wa nyimbo za Kiganda, mwimbishaji akiongoza na kundi likiitikia, akajenga juu yake kazi iliyoweza kusimama Roma.

Na kuna wimbo mmoja ambao kila mtoto wa shule ya msingi, awe Kidodi, Ulaya ya Kilosa au Mikumi mjini, anauimba akiwa amesimama wima. Tuni ya wimbo wetu wa taifa ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, kama utenzi wa dini wa kwaya. Watu walionyang'anywa ardhi yao waliuchukua, ukawa sala ya ukombozi, na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ikaufanya wake kwa maneno ya Kiswahili. Sontonga aliuandika kwa solfa, mfumo uliokuzwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19 ili watu maskini wasio na kinanda waweze kuimba sauti nne. Ni mfumo uleule ambao walimu wetu wa kwaya wanauandika ubaoni mpaka leo.

Nasema haya ili asitokee mtu wa kutuambia kwamba kuimba kwa sauti nyingi ni jambo la kigeni tulilopachikwa. Jirani zetu wa magharibi, Wagogo, walikuwa wakiimba kwa sauti zinazopishana na kupatana kabla ya kinanda chochote kufika Mpwapwa, na Hukwe Zawose aliupeleka muziki wao duniani kote. Kilichokuja na misheni ni namna mojawapo ya ufundi huo na maandishi yake. Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, aliandika mwaka 1963 kitabu kizima kuonyesha jinsi sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu vinavyoweza kukaa pamoja. Mwaka huohuo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya Liturujia iliyofungua mlango kwa lugha na muziki wa kila taifa.

Lazima pia tuwe wakweli kuhusu upande wa Byrd. Kabla ya Elizabeth, dada yake Malkia Mary alikuwa Mkatoliki, na kati ya mwaka 1555 na 1558 Waprotestanti karibu 300 walichomwa moto nchini humo. Waprotestanti wa Ufaransa nao waliimba zaburi zao wakielekea kuuawa na watawala Wakatoliki. Dhuluma imewahi kukaa katika kila kiti. Ninachokisifu ni kwamba walioonewa, popote walipokuwa, waligundua jambo moja: mtu mmoja anayelalamika anaweza kuzibwa mdomo, lakini sauti nne zilizosukwa pamoja kama ukili wa mkeka huwezi kuzifumua bila kila mtu kuona umeharibu nini.

Ndiyo maana nasisitiza neno ufundi. Uchungu peke yake hautungi wimbo. Watu wengi waliumia Uingereza ya miaka hiyo, na wengi waliandika malalamiko ambayo hakuna anayeyasoma. Byrd aliumia akakaa chini, akapima kila neno, akajua wapi pa kuzipunguza sauti na wapi pa kuzijaza, wapi ukakasi uanze na ukae kwa muda gani. Katika utangulizi wa Gradualia ya mwaka 1605 alieleza kwamba maneno ya Maandiko yana nguvu iliyofichika, na kwamba mtu anayeyatafakari kwa bidii hujiwa na nota zinazofaa kama vile zimekuja zenyewe. Wanaosoma hapo huona habari ya kipaji. Mimi naona habari ya kutafakari kwa bidii: alikaa na neno mpaka likampa wimbo.

Hapo ndipo nyimbo zetu nyingi za leo zinapokosea. Mtungaji anapata tuni nzuri asubuhi, jioni imeshagawiwa kwaya. Neno la Kiswahili lina mkazo wake kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tuni inayovuta silabi ya mwisho juu kabisa hulivunja neno hata kama sauti ni tamu. Sauti ya tatu hupewa nota zilizobaki baada ya wengine kugawana, mstari usio na wimbo ndani yake. Besi hugeuzwa kuwa ngoma. Byrd hakumdharau mwimbaji yeyote namna hiyo. Chukua mstari wowote wa Misa zake, uimbe peke yake, utakuta una mwanzo, kupanda, kushuka na pumziko. Kila mmoja katika kile chumba kilichofungwa alipewa kitu chenye hadhi cha kubeba. Nadhani hilo nalo lilikuwa jibu kwa dola iliyowahesabu watu hao kama wahalifu: ndani ya wimbo hakuna aliyekuwa mdogo.

Basi nina ombi kwa walimu wa kwaya wa Kilosa, Mikumi na vigango vilivyo kando ya barabara inayounganisha miji hiyo miwili. Nota za Byrd hazina mwenyewe wa kudai malipo; zinapatikana bure intanetini, na mwenye simu anaweza kuzipakua na kuziandika kwa solfa. Anzeni na Kyrie ya Misa ya sauti tatu. Ni fupi sana, sauti zinatembea pamoja, na kwaya ya watu wachache inaiweza. Mkiisha kuizoea, ingieni katika Mwanakondoo wa sauti nne. Msiikimbize. Wafundisheni waimbaji kushikilia nota inayouma bila kuongeza nguvu na bila kuiacha mapema. Msiogope Kilatini, kwa maana maneno tunayajua tayari kwa lugha yetu.

Na baada ya hapo, watungaji wetu wakae chini. Njia ya watumwa ilipita hapa. Majimaji ilifika hapa. Manamba walizikwa hapa mbali na kwao. Kiswahili kipo, zaburi zipo, sauti nne zipo kila jioni ya mazoezi, na ufundi unafundishika. Watu waliopita hapa wakiwa na minyororo wanatudai wimbo uliotungwa kwa subira, na deni hilo ni letu kulilipa.